Udongo, Chokaa na Sandarusi: Habari za Kale za Kupamba Kuta na Makabati

Yeyote apitaye njia kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma hana budi kupita Dumila, mahali ambapo njia ya Kilosa huachana na njia hiyo kuu. Soko la hapo ni kubwa, magari husimama usiku na mchana, na nyumba mpya huota kila mwaka kama uyoga. Nasi tukaao huko, kwa kuwa tu walimu, huulizwa mambo mengi ambayo hatukuyasomea. Mtu ataka barua iandikwe, hutujia. Ataka kesi ya mpaka wa shamba isikilizwe, hutujia. Na siku hizi watu hutujia hata kwa habari ya rangi za nyumba.

Jirani yetu mmoja alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa fedha aliyoidunduliza miaka mingi katika kilimo cha mpunga. Akapiga lipu ya saruji, na kwa kuwa harusi ya binti yake ilikuwa karibu, hakungoja. Siku ya kumi akapaka sebule rangi ya mafuta, yenye weupe wa maziwa na kung'aa kama kioo. Siku ya harusi wageni wote waliisifu. Lakini masika yalipokwisha, rangi ile ilikuwa imefanya malengelenge kama mkono uliounguzwa na uji wa moto. Ikapasuka, ikaanguka vipande vipande, na nyuma ya kabati ikaota kuvu nyeusi. Mjukuu wake aliyelala chumba kile akawa hana usiku ila wa kukohoa.

Basi akatujia akasema, "Mwalimu, nimekosea rangi. Nisaidie, nichague rangi gani sasa?" Kabla hatujafumbua kinywa, mama yake mzee aliyekuwa barazani akipeta mchele akamjibu, "Mwanangu, rangi hukukosea. Umemvika mtu kanzu mpya, naye hajajifuta maji ya kuoga."

Neno hilo lilitukaa moyoni. Tulipochungua habari za kale, za bara na za pwani, tuliona kwamba wazee wetu walishika kanuni moja, ambayo mama huyu aliipokea kwa mama yake: kwanza ujue ukuta wako, ndipo uchague rangi yake. Kanuni hiyo ikisahauliwa, akiba ya mtu hupotea, na afya ya watoto huweza kupotea pamoja nayo. Ndiyo maana tumeona vema kuyaandika haya.

UDONGO

Nyumba ya kale ya nchi zetu, katika tambarare na katika vilima vya Ukaguru, Usagara na Uluguru, ilikuwa ya miti na udongo. Nguzo zilisimikwa, fito zikafungwa kwa kamba za magome, na udongo uliokandwa kwa miguu ukajazwa kati yake. Hicho ndicho kiwambaza. Lakini kiwambaza kilichojazwa tu hakikuhesabiwa kuwa ukuta uliokwisha. Kiliachwa kikauke na kupasuka kipendavyo. Kisha nyufa zikazibwa, kikakandikwa mara ya pili kwa udongo uliochanganywa na mchanga, au majivu, au kinyesi cha ng'ombe mahali palipokuwa na ng'ombe. Mwisho kilipakwa udongo mwororo uliochujwa, kwa kiganja cha mkono au kitambaa. Kazi hii ya mwisho ilikuwa ya akina mama, na jicho la mama ndilo lililochagua rangi.

Wala tusidhani kwamba hawakuwa na rangi za kuchagua. Udongo wa kichuguu ulitoa wekundu. Udongo wa kandokando ya mito, mahali pengine, ulitoa weupe. Majivu yalitoa kijivu, na masizi ya chungu yalitoa weusi. Mafundi seremala wa pwani walikuwa na ngeu, udongo mwekundu wa kupigia mistari juu ya mbao. Asili ya wekundu wa ngeu na wa kichuguu ni moja: ni kutu ya chuma iliyomo ardhini. Kutu hiyo imekwisha kuchomwa na jua na kunyeshewa na mvua kwa miaka isiyohesabika, basi jua la dirishani haliwezi kuifanya neno. Ndiyo sababu rangi za udongo hazipauki upesi, ambapo rangi nyingine nzuri za dukani hupauka baada ya miaka michache.

Tena mkitazama nyumba nyingi za udongo, mtaona mkanda wa rangi ya kukoza chini ya ukuta, mwekundu au mweusi, na juu yake rangi nyepesi. Wengine hudhani ni urembo tu. Lakini matone ya mvua yadondokayo paani hurusha tope ukutani, na ndani ya nyumba miguu na migongo ya watu huchafua sehemu ya chini. Mkanda huficha uchafu huo, nao hukandikwa upya mara nyingi bila kugusa sehemu ya juu. Nenda sasa katika darasa lolote la nchi hii: chini utaona rangi ya mafuta ya buluu, au kahawia, au kijivu, na juu rangi nyeupe. Aliyeagiza rangi ya shule na bibi aliyekandika jiko lake walifikia shauri moja, kila mmoja kwa njia yake.

Ukuta wa udongo una sifa nyingine isiyoonekana kwa macho. Hunywa unyevu wa hewa wakati wa mvua, na kuutoa wakati wa jua, kama mtu avutaye pumzi na kuishusha. Udongo uliopakwa juu yake huvuta pumzi pamoja nao, kwa kuwa ni ndugu. Lakini adui yake mkubwa ni maji yasimamayo. Ushuhuda wa jambo hili tunao katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1871 Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, alipita mji wa Simbamwene, penye Morogoro ya leo, akausifu kwa ukuta wake wa mawe na minara yake minne. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mto umefurika na kuchukua ukuta wote wa mbele wa mji, pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Na sisi wa Dumila hatuhitaji kitabu. Januari 2014 maji ya mto Mkundi yaliingia Dumila na Magole, njia kuu ikakatika penye daraja, na nyumba za udongo zikarudi kuwa tope.

Twataja msiba huo kwa sababu moja. Baada ya mafuriko kupita, kuta nyingi zilizobaki zilikuwa na alama ya maji, na wenye nyumba wengi walitamani kuifunika upesi kwa rangi. Lakini rangi haina nguvu juu ya maji yapandayo kutoka chini. Msingi wa mawe ulioinuliwa, baraza pana, paa lililotokeza nje, na mfereji wa kuondoa maji, hayo ndiyo ya kwanza. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Hawakusema kuupaka ufa rangi.

CHOKAA

Tukishuka pwani twaona habari nyingine. Huko watu walikuwa na mawe ya matumbawe, nao wakajifunza tangu kale kuyachoma. Walipanga magogo kwa duara, wakaweka matumbawe juu yake, wakawasha tanuu. Moto ulipokwisha, jiwe lilikuwa limegeuka kuwa kitu chepesi, cheupe, kikali. Kikimwagiwa maji huchemka na kutoa mvuke bila moto, kisha hulainika kuwa chokaa. Mafundi hodari hawakuitumia mara moja; waliiacha shimoni muda mrefu, kwa kuwa kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika.

Na hapa pana jambo la ajabu ambalo watoto wetu shuleni hulipenda. Jiwe likichomwa hupoteza hewa iliyofungwa ndani yake, ile tuitoayo sisi tupumuapo. Chokaa ikipakwa ukutani huirudisha hewa hiyo polepole kutoka angani, na kuwa jiwe tena. Basi aliyepaka ukuta wa mawe kwa chokaa amepaka jiwe juu ya jiwe. Ndiyo sababu haibanduki kama ngozi. Huchakaa kidogo kidogo, ikapakwa tena juu yake bila kukwangua sana.

Kwa chokaa hiyo ulijengwa msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani, ulioanza katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14, siku za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wareno walipoushambulia mji huo mwaka 1505, mmoja wa waliofuatana nao aliandika kwamba zilikuwako nyumba imara za mawe na chokaa, zimepigwa lipu yenye nakshi za namna nyingi. Nakshi nzuri kupita zote ziko Lamu na Pate, katika nyumba za karne ya 18. Humo ndani ukuta mzima wa chumba cha ndani umejaa vidaka, ambavyo watu wa Lamu huviita zidaka, safu juu ya safu, vimekatwa katika lipu nyeupe na kusuguliwa hata vikawa laini. Hayo ndiyo yaliyokuwa makabati yao. Ndani yake waliweka sahani na bakuli za Uchina, vitabu na vyombo vya thamani.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini walichagua weupe mtupu, nao walikuwa matajiri walioweza kununua rangi yoyote iliyoletwa na majahazi? Jibu limo katika boriti. Dari za nyumba zile zilichukuliwa na boriti za mikoko, na mkoko ulionyoka hautoi boriti ya kuvuka chumba kipana. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vya mita mbili na nusu au tatu hivi. Madirisha yalikuwa machache, na mwanga uliingia kutoka uani tu, ukipita chumba hata chumba. Katika nyumba kama hiyo rangi ya kukoza ingefanya giza. Ukuta mweupe hupokea mwanga mdogo na kuupeleka mbele kwa jirani yake. Na bakuli la buluu au la kijani likikaa katika kidaka cheupe, hilo peke yake latosha kuwa pambo. Basi hata hapo twaona kanuni ile ile: walitazama chumba kwanza, rangi baadaye.

Chokaa ilipanda bara na watu wa misafara, waliotoka Bagamoyo kufuata njia ya Ujiji, na nyumba za pembe nne zenye baraza zikaenea pamoja nao. Wamisionari nao, waliofungua Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882, walichoma matofali na kupaka kuta zao chokaa. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, na kuendelea hata Kigoma mwaka 1914, mizigo mizito ya mapipa na mabati ikawa rahisi kufika. Tangu hapo ukuta mweupe ukawa alama ya boma, shule, zahanati na kanisa. Ndipo pia watu wengine walipoanza kuona haya kwa ukuta wa udongo, kana kwamba wekundu wake ni aibu. Hilo lilikuwa kosa. Weupe ulifaa katika zahanati kwa kuwa chokaa ni kali, huua kuvu na vijidudu, tena huonyesha uchafu upesi. Haukuwa na heshima kuliko wekundu. Ulikuwa na kazi yake.

Wala chokaa si nyeupe tu. Mama zetu walitia ndani yake bluu ya kufulia nguo. Ikitiwa kidogo huondoa umanjano, na chokaa huonekana nyeupe zaidi. Ikitiwa nyingi hufanya ukuta wa rangi ya mbingu. Bluu hiyo ina historia yake. Zamani ilisagwa kutoka jiwe litokalo milima ya Afuganistani, nayo Ulaya ilikuwa na bei kama ya dhahabu. Mwaka 1828 Mfaransa mmoja, Guimet, alitangaza njia ya kuitengeneza kwa udongo, magadi na kiberiti, ikawa rahisi hata kufika katika kila duka la kijiji. Tena ina bahati njema: ukali wa chokaa hauiharibu. Ziko bluu nyingine ambazo zikikutana na chokaa hugeuka kahawia. Akina mama hawakusoma kemia, ila walijua ipi hudumu, kwa kuwa waliona.

SANDARUSI

Tumesema habari za kuta. Sasa tuseme habari za mbao. Mlango, kabati, kasha na kitanda havipakwi udongo wala chokaa. Mbao hutaka kitu cha kuilinda na maji na mikono, bila kuficha uzuri wake. Na kitu bora kupita vyote kilichopata kutumika duniani kwa kazi hiyo katika karne ya 19 kilitoka katika ardhi yetu.

Kitu hicho ni sandarusi, utomvu wa mti uitwao mnangu au msandarusi. Utomvu mbichi wa mtini haukuwa na thamani kubwa. Ulio bora ulikuwa ule uliodondoka zamani, miti yenyewe ikafa na kuoza, na utomvu ukabaki chini ya mchanga mwekundu wa pwani hata ukawa mgumu kama jiwe la manjano. Watu wa Mrima waliuchimba kwa majembe, hasa baada ya mvua ardhi ilipolainika. Ukisafishwa, uso wake huonekana una vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na kwa alama hiyo wafanyi biashara waliutambua. Uliokuwa bado haujakomaa waliuita chakazi, nao ulikuwa na bei ndogo.

Sandarusi ilipelekwa Unguja, na kutoka huko Bara Hindi, Hamburg, London, na Salem katika Marekani. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikaweka balozi wake mdogo Unguja. Meli za Salem zilileta nguo ya merikani, zikarudi na pembe na sandarusi. Huko iliyeyushwa kwa moto mkali sana, ikachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani na tapentaini, ikawa vanishi. Kwa kuwa sandarusi yetu ilikuwa ngumu kuliko nyingine nyingi, vanishi yake ilipendwa kwa magari ya farasi na samani za wakubwa. Mchimbaji wa Mrima alipata mikono ya nguo. Mbao za ng'ambo zikapata kung'aa. Biashara hiyo ilififia katika karne ya 20, wataalamu walipotengeneza utomvu wa viwandani wa bei nafuu, na leo kopo la vanishi tununualo halina sandarusi ndani yake.

Lakini kazi ya kutayarisha mbao haikubadilika. Fundi wa zamani alisugua mbao kwa majani makavu ya msasa, mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ya dukani ilipokuja, watu waliiita kwa jina la mti huo, na hata leo fundi wa Dumila husema "nipe msasa" asiwaze jani. Mbao isiyosuguliwa vema hata ikipakwa vanishi mara tano huonyesha makosa yake yote, kwa sababu kung'aa ni kama taa: hufichua. Na katika mkoa wetu tuna mninga wa misitu ya miombo, na msaji uliopandwa Mtibwa. Mbao kama hizi, kwa shauri letu, ni hasara kuzifunika kwa rangi, vanishi yatosha. Rangi ya kufunika ifae mbao hafifu, au kabati la jikoni ambalo lazima lioshwe mara kwa mara.

RANGI ZA MAKOPO

Rangi za makopo zilileta faida nyingi, nasi hatuzilaumu. Ila mbili katika habari zake zatupasa kuzijua.

Ya kwanza ni risasi. Kwa karne nyingi weupe wa rangi ya mafuta ulitoka katika madini ya risasi. Ilifunika vizuri, ikadumu. Lakini ilidhuru wapaka rangi, na zaidi ya hao watoto, kwa maana vipande vyake vina utamu, na mtoto atambaaye huvila. Sumu hiyo huingia katika akili ya mtoto nayo haitoki kwa dawa. Mwaka 1921 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Kazi Duniani yaliandika mkataba wa kukataza risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache, na Marekani ilikataza rangi za risasi za nyumbani mwaka 1978. Siku hizi weupe hupatikana kwa madini mengine yasiyo na sumu hiyo. Hata hivyo rangi kuukuu zingalipo katika milango na madirisha ya majengo ya zamani. Basi mtu asikwangue rangi ya kale ikiwa kavu, watoto wakiwapo; ailoweshe maji, akusanye maganda yote, ayafukie mbali na kisima. Na anunuapo kopo jipya asome maandishi yake, achague lile linalosema wazi kwamba halina risasi.

Ya pili ndiyo iliyompata jirani yetu. Lipu mpya, iwe ya chokaa au ya saruji, ni kali na imejaa maji. Mafuta yakikutana na ukali huo hugeuka sabuni. Ndiyo njia ile ile ya kupikia sabuni kwa mafuta na magadi. Na maji yaliyomo ndani, yakitafuta pa kutokea, hukuta mlango umefungwa, ndipo huisukuma rangi ikavimba. Kwa hiyo lipu ya saruji huachwa ikauke, angaa siku 28 wakati wa jua, na zaidi wakati wa mvua. Rangi ya maji, iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, huvumilia kuliko ya mafuta, kwa sababu huacha pumzi ipite kidogo. Lakini hata hiyo hutaka ukuta mkavu. Mafundi watengenezao nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja hujua sana habari hii: ukuta wa matumbawe na chokaa ukifunikwa saruji na rangi nzito, unyevu hufungwa ndani nao huula ukuta kimya kimya. Basi huurudishia chokaa yake.

SHAURI LETU

Mtatuuliza, je, jirani yule alifanyaje? Tulikaa naye barazani pamoja na mama yake, tukapatana hivi. Kwanza alichimba mfereji nyuma ya nyumba, kwa maana maji ya paa yalituama hapo. Pili aliikwangua rangi yote, akaacha kuta wazi kiangazi chote, madirisha yakiwa wazi mchana. Mkewe aliona haya kwa wageni, mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, ukuta ukivua nguo ili ukauke, mgeni mwenye akili hatacheka." Tatu, katika chumba cha mjukuu alipaka chokaa yenye bluu kidogo, iliyochujwa kwa kitambaa na kutiwa chumvi ili ishike, mara tatu nyembamba juu ya ukuta uliorashiwa maji. Mara ya kwanza alidhani tumemdanganya, kwa kuwa chokaa mbichi haionekani. Ilipokauka ndipo weupe ulipotoka. Sebuleni alipaka rangi ya maji isiyong'aa, ya udongo mwepesi, kwa kuwa dirisha lake kubwa hutazama magharibi, na jua la jioni la tambarare huumiza macho likigonga ukuta mweupe. Tena ukuta wake haukunyoka sana, na rangi isiyong'aa husitiri mabonde. Chini alipaka mkanda wa mafuta, upana wa mkono, wa rangi ya kichuguu. Kabati lake la mninga, alilotaka kulipaka rangi nyeupe ili lifanane na picha aliyoiona, alilipiga msasa na vanishi, akaliacha mbali na ukuta kiasi cha vidole vinne ili hewa ipite.

Gharama ya mara ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Masika mengine yamekuja yakapita, na ukuta ungali mzima. Mtoto analala.

Wasomaji, hatukuandika haya ili watu warudie nyumba za kale na kuchukia makopo ya dukani. Kila zama na vyombo vyake. Ila twaona vijana wengi wakichagua rangi kwa kutazama nyumba ya jirani au picha, wasiulize ukuta wao ni wa nini, umekauka au la, chumba kina mwanga kiasi gani, nani atalala humo. Bibi zetu waliuliza hayo yote kwa kuweka kiganja ukutani. Nasi twawasihi, kabla ya kwenda dukani, mweke kiganja ukutani kwanza.